Mume Wangu Anakwenda Kulinda Amani, Mbona Anabeba Bunduki?

Mpendwa mshauri,

Naishi Tongaren, upande wa Naitiri, na nina watoto wawili. Mume wangu ni koplo katika jeshi la Kenya na kambi yake iko mbali na nyumbani. Alipokuja likizo Desemba aliniambia kikosi chao kimeanza kujiandaa kwenda misheni. Hajui kama ni Somalia au Kongo. Nilipoanza kulia alicheka akasema, "Ni misheni ya amani tu, hakuna vita." Kama ni ya amani, mbona wanashinda kwenye uwanja wa shabaha?

Hapa kwetu, mahali panapoitwa Brigadier, kuna mzee mstaafu wa jeshi aliyewahi kwenda Namibia. Ananiambia nisiogope, wao walikuwa wakilinda watu wapige kura na jioni wanacheza mpira na watoto. Lakini shemeji yangu anasema kaka yake anapelekwa machinjioni, na hata akifa serikali itanyamaza.

Jambo lingine nalisema kwa aibu. Mimi nimezaliwa upande wa Mlima Elgon. Mwaka 2008 nilikuwa darasa la pili. Mpaka leo nikiona lori la jeshi barabarani moyo unanienda mbio, na magwanda yenyewe yananing'inia kwenye kabati langu. Najiuliza, watu wa bunduki wanawapelekeaje wenzao amani?

Halafu kuna mama mkwe. Ameshazipanga pesa za misheni hata kabla hazijaonekana. Anataka zitumwe kwa shemeji ili anunue eka moja Ndalu na mashine ya kusaga mahindi. Mume wangu amenyamaza. Hatujafunga ndoa kanisani. Wazee walikaa, ng'ombe watatu wakaenda kwetu, wengine bado. Nikimgusia mambo ya karatasi ananiambia namtakia kifo.

Je, nimwone mkubwa wake amwondoe kwenye orodha? Au nimwache aende?

Mke wa Koplo, Tongaren

*

Usimwendee mkubwa wake, binti yangu. Atakusikiliza kwa adabu, kisha mumeo atabaki kambini na sifa ya koplo aliyeombewa ruhusa na mkewe, na sifa hiyo haitamtoka hata akipanda cheo. Aliapa kwenda anakotumwa. Kilicho mikononi mwenu ni yale ya kabla ya kuondoka na yale ya baada ya kurudi, na kazi iliyomo humo ni kubwa kuliko mnavyodhani.

Nianze na mzee wa Brigadier, kwa sababu hakukudanganya. Amekusimulia enzi yake. Batalioni ya Kenya ilikwenda Namibia mwaka 1989 chini ya Umoja wa Mataifa. Afrika Kusini ilikuwa imekubali kuondoka, SWAPO, chama kilichopigania uhuru wa Namibia, kimekubali kuingia kwenye kura, na kila upande ulitaka askari wa kigeni wasimame katikati ili mwenzake asimgeuke. Hata hivyo mwanzo wake ulikuwa wa damu: Aprili mwaka huo wapiganaji wa SWAPO na vikosi vya Afrika Kusini waliuana kaskazini kabla walinda amani hawajafika kwa wingi. Baadaye mambo yakatulia. Uchaguzi ulifanyika Novemba 1989 na tarehe 21 Machi 1990 Namibia ikawa huru. Naibu kamanda wa majeshi ya Umoja wa Mataifa huko alikuwa Mkenya, Daniel Opande. Kazi hiyo ilisimama juu ya masharti ya kale ya ulinzi wa amani: waliokuwa wakipigana wawe wamekubali mje, msipendelee mtu, na risasi isitoke ila kwa kujikinga. Mzee wako alipata bahati ya kuyaona masharti hayo yakifanya kazi.

Miaka 10 baadaye yalivunjika mbele ya macho ya Wakenya. Oktoba 1999 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliunda kikosi cha UNAMSIL huko Sierra Leone, na kwa mara ya kwanza likaandika waziwazi kwamba walinda amani wanaweza kutumia nguvu kuwakinga raia walio hatarini. Maandishi yalikuwa mazuri. Mei 2000 waasi wa RUF waliwashambulia walinda amani wakawateka mamia, wakiwemo Wakenya na Wazambia, sehemu za Makeni na Magburaka. Ruhusa ya kupigana walikuwa nayo, ila watu, magari na mawasiliano havikutosha. Ikabidi Uingereza ilete askari wake, kikosi cha Umoja wa Mataifa kikaongezwa hadi askari 17,500, na Opande yuleyule wa Namibia akakabidhiwa ukamanda mkuu. Januari 2002 vita vilitangazwa vimekwisha. Tangu hapo hakuna mwanajeshi mwenye akili anayekwenda misheni akidhani bunduki yake ni pambo la gwaride. Hiyo ndiyo sababu ya uwanja wa shabaha.

Somalia nayo ni kitu kingine kabisa. Jeshi la Kenya lilivuka mpaka Oktoba 2011 kwa operesheni yake lenyewe, Linda Nchi, baada ya wageni kutekwa Lamu na wafanyakazi wa misaada kutekwa Dadaab. Mwaka 2012 ndipo lilipoingizwa katika AMISOM, ujumbe wa Umoja wa Afrika. Ujumbe huo uligeuka ATMIS Aprili 2022, na tangu Januari 2025 unaitwa AUSSOM. Askari wake hawavai kofia za buluu za Umoja wa Mataifa, na huko hakuna mkataba uliotiwa saini kati ya serikali na wapiganaji wa al-Shabaab ambao mtu angesema anaulinda. Kazi yao ni kuisaidia serikali ya Somalia kupigana na kushika miji. Mumeo akipelekwa huko halafu akakwambia hakuna vita, anakutuliza tu. Namwelewa, lakini wewe jua.

Shemeji yako ana haki kwa sehemu. Alfajiri ya tarehe 15 Januari 2016 al-Shabaab waliivamia kambi ya Kenya ya El Adde, mkoa wa Gedo. Wengi wa waliouawa walikuwa wa kikosi cha 9 Kenya Rifles chenye makao Eldoret, safari fupi tu kutoka kwenu, na kwa hiyo kilio kilisikika sana katika maboma ya magharibi na Bonde la Ufa. Tarehe 27 mwezi huohuo marais watatu, wa Kenya, wa Nigeria na wa Somalia, walikaa pamoja kwenye ibada ya kumbukumbu Moi Barracks. Rais wa Somalia wakati huo, Hassan Sheikh Mohamud, alitaja waliokufa kuwa kati ya 180 na 200. Uchunguzi wa CNN ulifikia 141. Serikali ya Kenya haikutoa idadi. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 27 Januari 2017, ikashambuliwa kambi ya Kulbiyow, na hesabu za pande mbili zikapishana vilevile. Mimi naona kunyamazia idadi ya waliokufa lilikuwa kosa, na ni kosa hadi leo. Taifa linaloficha hesabu ya wafu wake linawaachia adui na WhatsApp kazi ya kuhesabu.

Ila "machinjioni" ni neno la hasira. Maelfu ya Wakenya wamekwenda Somalia kwa zamu na wakarudi. Kismayu ilitoka mikononi mwa al-Shabaab mwaka 2012 kwa kazi yao pamoja na wapiganaji wa Kisomali, na haijarudi humo.

Misheni ya Kongo iko katikati ya ile ya Namibia na ile ya Somalia. Huko kuna kofia za buluu za MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa, lakini tangu Machi 2013 ndani yake kuna brigedi iliyopewa ruhusa ya kuwafuata waasi na kuwapiga. Iliundwa na Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, na Novemba mwaka huo, ikisaidiana na jeshi la Kongo, iliwashinda waasi wa M23. Gharama yake Watanzania wanaijua: tarehe 7 Desemba 2017 kambi yao ya Semuliki ilivamiwa na askari wasiopungua 14 wakauawa usiku mmoja. Kenya iliingiza kikosi cha kukabiliana haraka katika mpango huo mwaka 2021. Usikichanganye na kile cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kilichoingia Goma Novemba 2022 kikiongozwa na jenerali Mkenya. Hicho kilikwama kwa sababu serikali ya Kongo ilitarajia kiwapige M23, chenyewe kikajiona kimeletwa kusimama katikati na kupokea miji ambayo waasi wangeiachia. Wakazi wa Goma waliandamana dhidi yake, kamanda wake wa kwanza akaondoka Aprili 2023, na Desemba mwaka huo kikafunga virago. Askari hawakukosa ujasiri. Waliotumwa na waliowapokea hawakukubaliana kazi yenyewe ni ipi.

Kwa hiyo mumeo akijua anakokwenda, acha kumwuliza kama ni vita au amani. Mwulize anakwenda chini ya nani, ameagizwa kufanya nini, na anayelipa gharama ni nani. Majibu ya hayo ndiyo yatakayokuonyesha hatari ilivyo, helikopta ya majeruhi itatoka wapi, na fidia itadaiwa mlango gani. Na wewe kama raia una swali lako kwa mbunge wa Tongaren: Ibara ya 240 ya Katiba inalitaka Baraza la Usalama wa Taifa lipate idhini ya Bunge kabla ya kutuma majeshi nje kulinda amani. Wengi sokoni watakuchanganyia na Haiti, lakini waliokwenda Haiti kuanzia Juni 2024 walikuwa polisi. Mahakama Kuu ilisema Januari mwaka huo kwamba ibara hiyo inahusu majeshi na haiwahusu polisi, ndipo serikali ikakimbilia kutia saini mkataba na Haiti.

Sasa Mlima Elgon. Usione aibu kuuliza. Katika barua yako nzima, hilo ndilo swali zito zaidi, na majenerali wenyewe hawajalimaliza.

Unakumbuka utotoni, nami nitakuwekea yaliyoandikwa. Kundi la SLDF lilitokana na ugomvi wa mashamba ya Chepyuk, na tangu mwaka 2006 liliua watu zaidi ya 600 kwa hesabu ya Human Rights Watch, likakata watu masikio, likatoza kodi, likafukuza maelfu wakakimbilia Bungoma na Trans Nzoia. Polisi walishindwa. Machi 2008 jeshi likaingia na Operesheni Okoa Maisha. Katika miezi michache kundi lilivunjika, kiongozi wake Wycliffe Matakwei akauawa Mei, na waliokimbia wakaanza kurudi kwenye mashamba yao. Huo ni ukweli. Ukweli mwingine ni kwamba wanaume walikusanywa kijiji baada ya kijiji wakapelekwa kambi ya Kapkota, na Human Rights Watch pamoja na Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu waliandika ripoti za mateso na za watu waliotoweka. Jeshi lilikana. Kuna wazee mlimani watakaokwambia jeshi liliwaokoa, na kuna wajane mlimani ambao hawakurudishiwa hata nguo. Wote wanasema kweli, na usikubali mtu akulazimishe uchague upande mmoja ili uonekane mke mwema wa askari.

Jibu langu ni hili. Bunduki yenyewe haileti amani popote. Inachoweza ni kumzuia mwenye panga kwa muda, ili wenye maneno wapate nafasi ya kukaa. Muda huo ukitumiwa vibaya, au bunduki ikigeukia waliokuja kuokolewa, misheni imekufa hata kama ramani inaonyesha ushindi. Sudan Kusini inaonyesha pande zote mbili. Desemba 2013 mauaji yalipoanza huko, kambi za Umoja wa Mataifa zilifungua milango na watu kwa makumi ya maelfu wakaingia. Kama wangefungiwa nje, wengi wao wasingekuwa hai. Huko Akobo walinda amani wawili wa India waliuawa kambi yao ilipovamiwa na watu waliowafuata wakimbizi waliojificha ndani. Lakini Julai 2016 mapigano yaliporudi katika mji mkuu, Juba, raia walibakwa na kuuawa karibu na kambi na walinda amani hawakutoka. Uchunguzi ukafanywa, na Novemba Katibu Mkuu Ban Ki-moon akamfukuza kamanda wa majeshi hayo, Mkenya Luteni Jenerali Johnson Mogoa Ondieki. Nairobi ilikasirika ikatangaza kuwaondoa askari wake, ikisema mtu mmoja anabebeshwa makosa ya mfumo mzima. Hasira hiyo ilikuwa na sababu zake. Hata hivyo mimi nalitazama tukio hilo na kuona kitu ambacho watu wa Kapkota hawakukipata: uchunguzi uliochapishwa, na jina la aliyetakiwa kujibu.

Mwambie mumeo unachokikumbuka. Pengine hujawahi kumwambia. Askari aliyesikia kutoka kwa mkewe jinsi mtoto wa darasa la pili anavyoliona lori la jeshi atasimama kwa namna nyingine kwenye kizuizi cha barabarani huko Beni ya Kongo au Dhobley ya Somalia, mama mwenye watoto akija mbele yake. Sehemu kubwa ya kazi hiyo siku hizi ni kusikiliza watu. Meja Steplyne Nyaboga wa jeshi letu alipewa tuzo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2020 kwa kazi yake Darfur, na hakuipata kwa shabaha. Aliipata kwa kuwafundisha wenzake kuwatazama wanawake na wasichana wa huko, hatari zao na mahitaji yao, kila wanapopanga doria.

Tuje kwenye pesa, maana ndizo zitakazowagombanisha kabla ya al-Shabaab.

Kuna hadithi inayozunguka kila mahali kwamba mwanajeshi wa misheni anapokea dola zote zinazotajwa kwenye redio. Umoja wa Mataifa unailipa serikali, haumlipi askari mshahara. Kuanzia Julai 2018 kiwango kilikuwa dola 1,428 kwa kila askari kwa mwezi, na kimepanda kidogo tangu hapo. Serikali ndiyo inayoamua askari wake apate kiasi gani. Upande wa Somalia mlipaji mkubwa wa posho alikuwa Umoja wa Ulaya. Enzi za AMISOM ilitajwa dola 1,028 kwa mwezi, serikali zikikata 200 humo, na mwaka 2016 Ulaya ikapunguza mchango wake kwa asilimia 20. Tangu hapo mfuko wa Somalia umekuwa na matundu na malipo yamechelewa mara nyingi. Basi mama mkwe asihesabu kwa dola za redioni. Kitakachofika kitajulikana kwenye slipu ya mshahara, na huenda kifike kwa kuchelewa.

Mama mkwe umheshimu. Yeye ndiye aliyemlea huyo koplo kwa mahindi ya shamba hilo, na sheria yenyewe inamtambua mzazi aliyekuwa akitunzwa na mwanawe. Lakini ukimya wa mumeo ndio ubaya ulioko hapo. Kabla hajaondoka akae na mama yake, nduguye na wewe, pamoja na mzee mmoja ambaye nyote mnamwamini, aseme kwa mdomo wake: mama atatumiwa kiasi hiki kila mwezi, mke kiasi hiki cha chakula na karo, kilichobaki kinakaa benki kwa jina langu mpaka nirudi. Wewe usiseme neno hapo. Ukisema wewe, itakuwa umemkalia mwana wa watu kichwani.

Na eka ya Ndalu isubiri. Katika nchi yenu ya mashamba ya skimu, yaliyokatwa na kukatwa tena tangu wazungu walipoondoka, nimesoma barua nyingi za askari waliotuma pesa kwa ndugu wakarudi kukuta hati ina jina la ndugu. Si lazima ndugu awe mwizi. Mara nyingine aliandikisha jina lake kwa kuwa ndiye aliyekuwepo, kisha akazoea. Shamba la kilimo haliuzwi bila ridhaa ya bodi ya ardhi, na maombi hayo yana muda wa miezi sita tangu kupatana. Mwenye pesa awepo, au awe ameacha hati ya uwakili iliyoandikwa na wakili. Mashine ya kusaga ni hesabu nyingine. Hiyo mama mkwe anaweza kuanza nayo kidogokidogo kwa fungu lake mwenyewe.

Karatasi ndizo nilizotaka kuzifikia tangu mwanzo. Mumeo anasema unamtakia kifo. Mwambie kwamba sheria ya Kenya imewafikiria askari kabla yako. Kifungu cha 9 cha Sheria ya Urithi kinasema wosia wa mdomo mbele ya mashahidi wawili hudumu miezi mitatu tu, isipokuwa wa mwanajeshi aliye kazini vitani, ambao unabaki na nguvu akifa katika kipindi hichohicho cha kazi. Waliotunga sheria hiyo hawakumtakia mtu kifo. Hata hivyo mimi sipendi wosia wa mdomo, kwa sababu mashahidi wake huenda wakawa kambi moja naye siku mbaya. Aandike, atie saini mbele ya mashahidi wawili ambao hawamo kwenye urithi, na nakala moja ikae nje ya nyumba yenu.

Kabla ya wosia kuna ndoa. Ng'ombe waliobaki wasikuzuie. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inasema mahari ya kuonyesha tu inatosha kuthibitisha ndoa ya kimila, kwa hiyo wale watatu waliofika kwenu wamekwisha kufanya kazi yao mbele ya sheria. Waliobaki watafuata kwa wakati wao, na wazee wasinyimwe. Tangu Agosti 2017 ndoa za kimila zinasajiliwa na kutolewa cheti kama nyingine zote. Anzeni kwa barua ya chifu na wazee wa pande mbili, kisha mwone msajili wa ndoa. Maombi mengi siku hizi hupitia eCitizen, na vijana wa saiba Kitale au Bungoma watawasaidia kuyajaza. Hakikisheni vyeti vya kuzaliwa vya watoto vina jina la baba. Halafu mumeo aende kwa karani wa kikosi chake atazame faili yake mwenyewe: nani ameandikwa mke, nani watoto, nani jamaa wa karibu wa kupigiwa simu. Askari wengi walijaza fomu hizo wakiwa makuruta wa miaka 19, wakaandika mama au kaka, na hawakuzigusa tena. Misiba huwakuta wajane nje ya mlango kwa sababu ya fomu hiyo moja.

Akiwa huko, picha zake za magwanda zisipande Facebook, wala usitaje jina la kambi kwenye kikundi cha chama chenu. Na likitokea shambulio, usiamini picha za WhatsApp. Januari 2016, baada ya El Adde, familia nyingi ziliwaona watu wao kwenye simu kabla mtu yeyote hajabisha hodi, nyingine ziliona miili zikalia asiye wao, na baadaye ikabidi vipimo vya DNA. Habari rasmi huletwa nyumbani na maofisa wa jeshi. Weka namba ya kikosi na ya padre wa kambi kwenye daftari, kando na simu.

Kuna swali hukuliandika, lakini wake wa askari huniandikia mara kwa mara. Ndiyo, kuna misheni ambazo askari wameacha watoto na aibu nyuma yao, Kongo na Haiti zikiwemo. Kanuni za Umoja wa Mataifa tangu 2003 zinakataza kabisa kununua ngono na kumgusa aliye chini ya miaka 18, na nchi hutakiwa kumrudisha na kumshtaki anayevunja. Lakini kanuni hazilali kitandani na mtu. Akirudi, nendeni kituo cha afya mkapimwe wote wawili, na mwafikiane hivyo sasa hivi, kabla hajaondoka, ili siku hiyo isiwe ya kushukiana.

Na kurudi kwenyewe kunataka subira. Unaweza kumpata mtu anayeshtushwa na mlango wa bati ukipigwa na upepo, asiyelala, anayekaa kimya siku nzima au anayeanza kutafuta chang'aa ambayo hakuwa akiinywa. Watu watasema amerogwa. Usipoteze miezi kwa hilo. Jeshi lina hospitali yake Nairobi na mapadre wa kambi, na akiona haya ya wenzake, Hospitali ya Rufaa ya Moi pale Eldoret ina madaktari wa akili. Akifika mahali pa kutoroka kambini, ujue ni jela inayomngoja, na wapo waliofungwa kwa hilo baada ya Somalia. Aombe matibabu mapema, angali ana cheo chake.

Basi mwache aende, na umsindikize vizuri. Ila asipande lori la kambi kabla chifu hajaandika barua ile, karani hajasahihisha fomu ile, na yeye mwenyewe hajakaa na mama yake akalimaliza neno la pesa. Likizo yake ijayo inatosha kwa yote matatu kama mkianza Jumatatu ya kwanza.